Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika makazi ya manusura jijini Nairobi, lakini hawataki kunipa anwani. Naomba ushauri

Binti_wa_Ziwani (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, shikamooni kwa wakubwa na salamu kwa wenzangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya ustawi wa jamii, naishi Mwanza. Nimekubaliwa kwa wiki kumi katika makazi ya wasichana walionusurika usafirishaji haramu wa binadamu jijini Nairobi. Kenya niliichagua kwa makusudi, kwa sababu tangu uchunguzi wa BBC wa mwaka 2022 ulipoonyesha watoto wenye ulemavu waliochukuliwa Tanzania na kuombeshwa katika barabara za Nairobi, nimekuwa nikijiuliza ni nani huwa anazungumza nao wakishaokolewa.

Mambo mawili yananisumbua. La kwanza, barua yao inasema nitajigharamia nauli na chakula, na kwamba mahali makazi yalipo sitaambiwa mpaka nifike ofisini kwao na kuchukuliwa na gari. Mama alipoisoma alisema, "Hivi hivi ndivyo wanavyopotea watoto wa watu." Sikuwa na jibu, maana dalili tunazofundishwa darasani ni hizo hizo. La pili, fomu inanitaka nisaidie kukusanya simulizi za wasichana pamoja na picha kwa ajili ya wafadhili. Kuandika najua, lakini moyo unasita.

Zamu_ya_Usiku

Dada, mamako ana haki ya kuogopa, ila amekiogopa kitu kisicho chenyewe. Nimelala zamu miaka minne katika makazi ya aina hiyo hapa Kenya. Kama wangekutumia anwani kwa barua pepe kabla hujasaini lolote, hapo ndipo ningekushauri uachane nao. Wanaowatafuta wasichana hawa ni mawakala wanaohofia ushahidi mahakamani, na mara nyingi zaidi ni shangazi au mjomba aliyepokea pesa. Kwetu majirani walijua kwamba pale ni hosteli, mwenye gari la maji aliishia getini, na simu zetu wafanyakazi tuliziacha ndani ya kisanduku cha bati mlangoni.

Hata hivyo, kinachofichwa ni nyumba, si shirika. Shirika lazima liwe na ofisi ambayo mtu yeyote anaweza kuitembelea, namba ya usajili, na mtu ambaye msimamizi wako wa chuo anaweza kumpigia simu akampata. Chuo ndicho kiandikiane nao, wewe usibaki peke yako katikati. Tena wao ndio wanaopaswa kukushuku wewe kwanza: ikiwa hawajadai cheti cha polisi cha alama za vidole, wadhamini wawili, na sahihi yako kwenye kanuni za ulinzi wa mtoto, basi mgeni yeyote anaweza kuingia humo, na hilo lingenitisha kuliko anwani. Pasipoti yako wape nakala tu.

Usiende ukidhani utafanya ushauri nasaha, kwani hiyo ni kazi ya waliosomea na watakaobaki. Utachambua mboga, utasaidia hesabu za darasa la sita, utaketi na msichana asiyetaka kusema neno. Tulikuwa na mmoja aliyeficha vipande vya chapati chini ya godoro, kwa kuwa alikotoka alikula pale tu mwenye nyumba alipokumbuka. Hatukumkataza. Tuliacha sahani ya mikate mezani usiku kucha, na baada ya majuma kadhaa vile vipande vikapungua vyenyewe.

Wakili_Mstaafu

Nitagusa mambo mawili tu. Mtanzania huvuka Namanga bila viza, lakini kuruhusiwa kuingia nchini si kuruhusiwa kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Waombe wenyeji wako washughulikie kibali Idara ya Uhamiaji kabla hujafunga begi.

Kuhusu simulizi, kataa, na ukatae kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa hiyo mshtakiwa hutafuta kila mwanya wa kujinasua. Msichana akikusimulia kwamba alisafirishwa mwezi wa nne, kisha akaiambia mahakama kwamba ni mwezi wa sita (na mtu aliyeumizwa huchanganya miezi), makala yako ya wafadhili itasomwa mbele ya hakimu kuonyesha kwamba shahidi ni mwongo. Usimwulize pia kwa nini alikubali kwenda. Kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 haihesabiki kabisa, na swali hilo humrudishia mtoto lawama ambayo sheria imeshamwondolea.

Nilikwenda_Nikarudi

Mdogo wangu, mimi ni Mtanzania niliyefanya mafunzo kama hayo Kenya, na nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Siku ya kwanza, kabla hata sijavua viatu, msichana mmoja alinisikia lafudhi akaniamkia, "Shikamoo, dada." Nilijisikia nimefika nyumbani. Juma la tatu aliniomba nimjulishe mama yake kwamba yu hai, akanitajia namba aliyokuwa ameikariri muda wote huo. Nikatuma ujumbe mfupi, bila kumwambia afisa yeyote.

Simu ya mama ilikuwa mikononi mwa shangazi, na shangazi ndiye aliyempeleka. Kesho yake namba nisizozijua zilianza kunipigia, wakitaka kujua niko mtaa gani. Msichana akahamishiwa nyumba nyingine, wakati wa mitihani yake, na hakuniaga. Lugha yako itakuwa msaada mkubwa kwao, ila ndiyo itakayowafanya wakuombe usichopaswa kutoa. Kila ombi, hata la salamu, lipeleke kwa afisa anayeshika jalada la msichana huyo. Halafu waambie siku yako ya kuondoka tangu siku unayofika, na uiandike kwenye kalenda ya ukutani waione.

Binti_wa_Ziwani

Nawashukuru sana. Nimewaandikia kwamba sitakusanya simulizi wala picha, na nimewauliza kuhusu kibali. Wamejibu leo asubuhi: kibali wataomba wao, na kipengele cha simulizi kimebaki kutoka kwenye fomu ya zamani, jambo ambalo sijui kama niliamini lote. Msimamizi wangu atawapigia Jumatatu.

Zamu_ya_Usiku

Msimamizi awaulize kipengele hicho kilifutwa lini, na nani sasa anawaandikia wafadhili. Na mamako je?

Binti_wa_Ziwani

Mama anataka kuzungumza na matroni mwenyewe kabla sijakata tiketi. Nilidhani watakataa, lakini wamempa miadi Jumatano saa kumi jioni, kwa simu ya ofisini. Ameshaandika maswali yake nyuma ya daftari la kikoba, na mengine ni makali kuliko ya kwenu.