MITA 12! Siri gani hii inayopimwa kwa futi kamba?

Wakuu, mnawajua ninaowasema, sina haja ya kuwataja. Apdeti ya leo ya ile programu ya kuandikia jirani zako bila kutaja jina imeingia, na sasa chini ya kila ujumbe "wa siri" kuna namba ya umbali kutoka kwako hadi kwa aliyeandika. "Mita 12." MITA 12! Kwa umbali huo mtu akipiga chafya unamwambia afya! Zamani iliandikwa "karibu nawe", ikatosha. Leo mtu anamwaga ya moyoni usiku wa manane, chini yake wanampachikia mita 12. Si wangeandika na rangi ya mlango wake kabisa!

Na msije na habari ya kubadilisha iandike "kilomita 1". Kukadiria namba ya kwenye skrini hakufichi mtu kama seva, yaani kompyuta yao kuu, bado inapima kutoka alipo hasa. Mwenye nia mbaya anaweka GPS ya kughushi, anajisogeza taratibu mpaka 1 igeuke 2. Hapo kapata ukingo wa duara. Akipata kingo tatu kutoka pande tofauti, zinapokatana ndipo ulipolala. Dawa ni kukata desimali za latitudo na longitudo, zile namba zinazoonyesha ulipo duniani, KABLA ya hesabu yoyote. Kwenye latitudo, desimali 5 ni kama mita 1, desimali 3 ni kama mita 111, desimali 2 ni kama kilomita 1. Kazi ndogo kabisa hiyo, wao wakachagua MITA 12!

Kobe_Mkavu: Mkuu, unajaza ukurasa kwa swichi moja. Mipangilio, Programu, Ruhusa, Mahali, kisha zima "mahali sahihi". Ipo tangu Android 12, na kwenye iPhone tangu iOS 14. Ulibonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Mwanzisha uzi: Ukizima haifunguki, inadai uwashe kwanza! Unadhani mita 12 wamezitoa wapi?

bintiwaseva: Skrini ni geresha, tazameni kinachosafiri ndani. Mwaka 2014 wataalamu wa usalama walionyesha kuwa seva ya Tinder, programu ya kutafuta wapenzi, ilikuwa ikituma umbali wenye desimali 15, huku mtumiaji akionyeshwa maili tu. Hawa wa kwenu angalau wanaonyesha uchafu wao hadharani.

Mzee wa Chaja: Mnalilia mita, betri je? Inasoma GPS kila baada ya sekunde chache hata ukiwa umeifunga skrini, simu inachemka kama pasi. Kwani kusoma mtu akishasogea mita 500 kuna ubaya gani?

Ndimu_Kali: Betri afadhali, kaka. Roboti, hizi akaunti feki zinazojiendesha! Hujamaliza kuchagua jina la bandia, ishakuja "mambo, upo karibu?" na linki juu. Akaunti moja iko sehemu mbili zilizoachana kilomita 300 ndani ya dakika 5, na hakuna anayeifunga.

Kobe_Mkavu: Roboti unazibloku. Kura hasi, za kuukataa ujumbe, ndiyo balaa. Zikifika 5 ujumbe unafutika, kwa hiyo watu watano wakijipanga wanatawala eneo zima.

Ndimu_Kali: Sita! Mwandishi mwenyewe ana kura chanya moja, inafuta hasi moja.

Kobe_Mkavu: Hiyo ya mwandishi haihesabiwi, dada.

Ndimu_Kali: Inahesabiwa, soma masharti.

bintiwaseva: Mzee wa Chaja, umeiondolea ruhusa ya mahali "wakati wote" ukaacha "wakati wa kutumia tu"? Anza hapo.

Mzee wa Chaja: Naenda kujaribu, nitaleta majibu.