Tupeane uzoefu: kikombe cha makaroni makavu ni gramu ngapi?

Wa Nyakato: Habari zenu wapishi. Mapishi ya Kimarekani yanataka "vikombe 2 vya makaroni makavu", dukani kwetu napimiwa robo au nauziwa pakiti ya gramu 500. Wenzangu mnafanyaje? Leteni mnayoyafanya jikoni kwenu, ya kunakili nimeyasoma na hayafanani.

Wa Igoma: Napika kwa oda, hili nalijua. Kikombe chao ni kama mililita 240, kwa hiyo kikombe cha chai cha nyumbani kisikuzuge, vingine vinapita 300. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina nusu yake kwenye kopo, chora mstari maji yanapofika. Hiyo ni 250, inatosha kwa kazi yetu. Kausha kopo, jaza makaroni mpaka mstarini. Kwangu yale madogo yaliyopinda yanakuja gramu 110 hivi. Penne, yale mafupi yaliyokatwa mshazari, hata 100 hayafiki, maana yanalala ovyo na katikati kunabaki upenyo. Ndiyo maana namba za mtandaoni zinagombana: umbo lingine, uzito mwingine.

Wa Buzuruga (nina duka): Mizani yangu ya mawe haiwezi kukwambia kikombe kimoja vizuri. Mteja akitaka kujua namwambia apime vinne kwa pamoja, kisha agawanye kwa nne. Ila njoo asubuhi dada, saa za jioni foleni ya unga haina utani.

Wa Kirumba: Mnasahau mfuto na tele. Sisi wa Mwaloni tumezoea kugombana kwenye kisado cha dagaa, huyu anataka kichuguu juu, yule anafuta na kiganja. Makaroni ni vilevile. Kikombe cha mapishi ni cha mfuto, na usikitikise, kwa sababu ukitikisa yanashuka na unaongeza mengine bila kujua.

Wa Nansio: Na spageti?

Wa Igoma: Spageti haina kikombe, mpendwa. Pakiti ya gramu 500 igawe mafungu matano yanayolingana, kila fungu ni 100, mtu mzima mmoja mwenye njaa. Watoto wangu wawili wanagawana fungu moja.

Mama wa Pasiansi: Wanangu, mimi tambi zile nyembamba za futari navunja pakiti nzima sufuriani, sukari, tui na iliki, basi. Kikombe cha nini?

Wa Kirumba: Shikamoo mama. Wewe umeshahitimu, tuache sisi wa mapishi ya simu.

Wa Buzuruga (nina duka): Jambo moja, angalieni kama mapishi yanasema makavu au yaliyochemshwa. Yakiiva yanakunywa maji, gramu 100 zinakuwa 200 na zaidi. Mtu akipima makavu mahali palipoandikwa yaliyoiva, atalisha mtaa.

Wa Nyakato: Asanteni sana. Basi vikombe 2 vya yale yaliyopinda ni kama gramu 220. Kaka wa Buzuruga, nipimie robo, hizo 30 za juu ataramba mdogo wangu.

Wa Buzuruga (nina duka): Njoo. Na kopo lako lije limekauka.