Tupeane uzoefu: kutoa alama za utando wa buibui kwenye rangi iliyopigwa juzi

Mleta mada
Wadau, gari limetoka kupigwa rangi upya, kivulini linang'aa vizuri. Likitoka juani, boneti nzima imejaa mistari midogo inayouzunguka mwanga kama utando wa buibui. Mnazitoaje kwenye kliya (tabaka la juu lisilo na rangi, linalong'arisha) ambayo haijamaliza hata wiki mbili? Tajeni mashine, pedi, mwendo, na mahali kazi inapoharibikia.

Fundi Kliya
Mkuu, kwanza jua unapambana na alama ipi. Mistari myembamba iliyotawanyika imeletwa na kitambaa chenye vumbi. Vivuli vinavyohama ukisogeza tochi, vikifuata njia ya mashine, ni kazi ya rota (mashine ya polishi inayozunguka duara moja tu) na pedi ya sufi. Vijiduara vilivyojikunja kama mkia wa nguruwe vinatokana na punje iliyonaswa chini ya msasa wa mashine. Hivyo vya mwisho polishi tupu mara nyingi haiviwezi. Rudi na msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, hapo hapo tu palipo na alama.

Mpiga Msasa
Siku ya kupiga polishi ndiyo inayowaangusha wengi. Kliya yenye hadina (dawa ya kuigandisha) ikikaushwa kwenye chumba cha joto, nyuzi 60 kwa nusu saa hivi, unaweza kuifanyia kazi ikishapoa kabisa. Iliyokauka kwa hewa ipe saa 24 kwa nyuzi 20, na kukiwa na baridi uongeze. Karatasi ya maelekezo ya kliya yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho.

Bonyeza ukucha kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Ukiacha alama, funga mashine. Kliya mbichi inaivuta pedi, inapata ukungu, na mistari unayoifuta inazaliwa upya nyuma yako. Halafu kumbuka thina inaendelea kutoka polepole. Inavyotoka, kliya inasinyaa na kulala juu ya mikwaruzo ya msasa iliyo chini, kwa hiyo gari lililoondoka safi linaweza kuonyesha mistari wiki kadhaa baadaye. Huo si uzembe wa mpiga polishi. Ila nako kusubiri miezi kuna gharama yake: kliya inakuwa ngumu na utahitaji kukata kwa nguvu zaidi.

Mzee wa Sponji
Utaratibu ninaousimamia: osha kwa ndoo mbili, kausha, kisha fanya jaribio kwenye kipande cha sentimita 40 kwa 40. Anza na kitu laini kabisa, yaani mashine ya mtikisiko (inayozunguka huku ikiyumba), sponji ya kumalizia na polishi laini. Ikishindwa ndipo upande hadi sponji ya kati. Watu wanaanza na kompaundi (polishi nzito ya kukata) kali, kumbe kwenye kliya changa ndiyo inayozaa ukungu wanaouhangaikia.

Polishi ni matone 4 ya ukubwa wa punje ya njegere. Yapake kwa mwendo mdogo kwanza, kisha panda hadi 4 au 5 kwenye mashine yenye ngazi 6. Sogeza mkono taratibu, kama sentimita 3 kwa sekunde, mara 4 hadi 6, ukikatiza njia: mlalo, kisha wima. Kwenye mizunguko ya mwisho uzito wa mashine peke yake unatosha. Safisha sponji kwa brashi kila ukimaliza kipande. Sponji iliyojaa unga wa kliya inakwaruza kama msasa.

Fundi Kliya
Naongezea kwenye kingo. Mikunjo ya milango na ncha za boneti zina kliya nyembamba, zizibe kwa tepu ya karatasi. Kliya ya kawaida ni mikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 hadi 60 hivi, na msasa umeshapunguza sehemu yake. Kipimo cha unene kinasoma jumla ya tabaka zote, kwa hiyo namba kubwa kwenye gari lenye puti (kijazio cha mabonde ya bati) isikudanganye kwamba kliya ni nene. Bampa la plastiki nalo halitawanyi joto kama bati. Ukigusa ukaona kiganja hakikai, umeshachelewa.

Sponji ikianza kubeba rangi ya gari, simama papo hapo: kliya imekwisha. Ila kama ni rangi isiyo na kliya juu, hiyo ni kawaida.

Mkaguzi wa Mwanga
Usikague chini ya taa ndefu za dari, zinaficha. Tumia tochi moja ya LED, ishike kwa mshazari. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, kwa hiyo futa kwanza kwa spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji mengi, sehemu 1 kwa 6, kwa taulo safi la mikrofaiba. Futa na kukausha mara moja. Spiriti kali ikikaa juu ya kliya changa inailainisha.

Nta na vizibio (dawa za kufunika na kulinda rangi) viache kwanza. Watengenezaji wengi wa kliya wanataka siku 30 hadi 90 ili thina imalizike kutoka. Na kama gari jingine linapigwa rangi karibu, hakikisha polishi yako haina silikoni. Vumbi lake likitua kwenye bati la jirani, rangi itajikusanya na kuacha vishimo.