Kupanga foleni ya Formula Rossa, Abu Dhabi

Msafiri wa Ntinda: Ndugu zangu, habari zenu. Mwezi ujao ninasafiri kutoka Entebbe pamoja na binti yangu, ambaye kwa muda mrefu ametamani kupanda Formula Rossa, rola kosta (treni ya burudani yenye kasi) iliyo katika bustani ya burudani ya Ferrari World. Je, tufike mapema kiasi gani ili foleni isitumalizie siku, na mwendo wake unavumilika?

Mwenyeji wa Jinja: Dada, fikeni kabla ya milango kufunguliwa, kisha mwende huko moja kwa moja, kwa maana foleni hurefuka kadiri siku inavyosonga, na upepo mkali ukivuma rola kosta hiyo huweza kusimamishwa. Mwendo ni wa kutisha kweli: ndani ya sekunde 5 hivi treni hufikia kilomita 240 kwa saa, na ndiyo sababu abiria huvaa miwani ya kuzuia mchanga na wadudu. Egemezeni vichwa vitini mapema, kabla haijafyatuka. Mimi ningeipanda tena bila kusita.

Fundi wa Mbale: Naongeza kwamba binti apimwe urefu nyumbani, kwani wahudumu hawasamehi hata sentimita moja, nao wana haki.