Mrejesho: hedhi kupotea na maisha ya utotoni

Wapendwa, niliuliza hapa kama kipigo na hofu nilivyokulia navyo vinaweza kuhusiana na hedhi yangu kupotea miezi mitatu mitatu, na ndevu kidevuni.

Nilishuka kutoka Kibosho hadi Moshi mjini kumwona daktari wa wanawake. Vipimo vya damu na ultrasaundi vimeonyesha PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke.

Alinieleza hivi: mtoto akiishi kwa hofu, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kotisoli, homoni ya msongo, mara kwa mara. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu huvuruga kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na insulini ikizidi, ovari hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Alitaja utafiti wa Felitti na Anda, Marekani, 1998: mateso ya utotoni yalivyozidi, ndivyo maradhi ya ukubwani yalivyozidi. Lakini hawezi kusema yangu yametokana na hayo. Kurithi kuna nafasi kubwa, na mama mdogo ana kisukari.

Nilipofika kwenye habari za kufungiwa stoo usiku, nililia. Hakunikatiza.

Nimeanza metformini, dawa inayosaidia insulini kufanya kazi vizuri, natembea kila jioni, na Alhamisi nakutana na mshauri nasaha. Hedhi bado. Dada uliyesema nisimfiche daktari kitu, asante sana.