Nyumba za wageni za shambani zinazotangaza "chakula cha msimu" na menyu haibadiliki Januari hadi Desemba

Wakuu, heshima mbele.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nyumba ya wageni iko nje ya mji, vyumba saba au nane, bustani nyuma ya jiko, na mlangoni kuna kibao: "Tunapika mazao ya msimu kutoka mashamba ya jirani." Mgeni anaendesha gari saa mbili kwa ajili ya maneno hayo, na bili inapanda kwa ajili ya maneno hayo hayo. Anakaa mezani, analetewa menyu ya kurasa nane iliyopigwa plastiki. Ukiona hiyo plastiki ujue umeshaliwa.

Shamba halitoi vyakula 40 kwa mpigo. Bustani ya kulisha nyumba ya vyumba vinane inakuwa na mboga tano au sita zilizofikia ubora wake kwa wiki moja, na baada ya wiki tatu nusu yake zimekwisha na nyingine zimeingia. Kwa hiyo jiko linalofuata msimu kweli lina vyakula vya kuanzia viwili au vitatu, vyakula vikuu visivyozidi vinne, vitamu viwili, basi. Vimeandikwa kwa chaki au kwenye karatasi yenye tarehe ya leo. Na wasituambie kwamba wageni hawakubali menyu fupi. Mpishi Alice Waters alipofungua mgahawa wake wa Chez Panisse mjini Berkeley, California, mwaka 1971, mgeni alikuta mlo mmoja uliopangwa kwa jioni ile, na kesho yake ulikuwa mwingine. Watu walijaa.

Wenye hoteli wanalichukulia neno "msimu" kama pambo la kibao. Sivyo. Ni suala la kile kinachotokea ndani ya zao tangu dakika linapokatwa. Mahindi matamu yakishavunjwa, sukari inaanza kugeuka wanga. Kwenye joto la nyuzi 30, yanaweza kupoteza nusu ya sukari yake au zaidi ndani ya siku moja. Yakipozwa karibu na nyuzi 0 upotevu unapungua sana. Njegere ni hivyo hivyo. Faida yote ya kuwa na shamba mlangoni ni hii: kukata saa kumi jioni na kupakua saa moja usiku. Sasa wewe una shamba hatua 50 kutoka jikoni, halafu unapika mahindi yaliyokaa stoo siku nne? Heri hata njegere za kugandishwa, kwa sababu kiwandani hugandishwa saa chache baada ya kuvunwa. Ila usiziuze kwa jina la bustani yako.

Nyanya ndizo zinazoniuma zaidi. Nyanya ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, harufu yake inakufa na nyama yake inakuwa ya ungaunga. Jikoni kwao zinasukumwa kwenye friji ya nyuzi 4 pamoja na maziwa, zinatolewa zikiwa baridi, zinakatwa, zinawekwa mezani hapo hapo. Mgeni anatafuna maji mekundu. Nyanya iliyoivia mtini inakaa kwenye trei, kikonyo chini, pasipo jua, siku mbili au tatu, kisha inaliwa. Ikizidi kuiva inaingia kwenye mchuzi. Hapo hakuna gharama ya ziada hata kidogo, ni kujua tu.

Stroberi nazo: haziivi zaidi baada ya kuchumwa. Ikichumwa na bega jeupe, yaani sehemu ya karibu na kikonyo, itageuka rangi kidogo na kulainika lakini utamu hauongezeki. Ukiletewa stroberi ngumu yenye weupe hadi katikati, hiyo ilichumwa mapema ili ihimili safari ya lori. Haikutoka bustani ya nyuma, hata wakuapie. (Parachichi ni kinyume chake, haliivi likiwa mtini, kwa hiyo mkiletewa parachichi lililoivia ndani ya nyumba msilalamike.)

Halafu upishi wenyewe. Tazameni sahani ya maharage machanga inayotoka kwenye hayo majiko: rangi ya kaki, yamelegea, yananing'inia kwenye uma kama kamba iliyolowa. Hiyo rangi ina sababu. Mboga ya kijani ikichemka inatoa asidi. Ukifunika sufuria asidi inarudi majini, na kijani kinageuka kaki. Kuchemsha kupita dakika saba hivi kunaleta matokeo hayo hayo, na kuziacha kwenye sahani ya kupashia joto nusu saa kunamalizia kazi. Njia yake inajulikana: maji mengi, lita 4 au 5 kwa nusu kilo ya mboga, chumvi gramu 10 kwa kila lita, yachemke kwa nguvu, sufuria iwe wazi, dakika 3 hadi 5 kulingana na unene, kisha kwenye maji ya barafu. Wakati wa kupakua zinapitishwa kwenye kikaango chenye siagi, dakika moja tu. Maji yakiwa kidogo, mboga ikiingia yanapoa, yanachukua muda kuchemka tena, na huo muda ndio unaoiua.

Majani ya saladi yaliyonyauka wanayarushia mafuta na kuyaleta. Dakika 15 kwenye maji ya baridi kali zingeyafufua. Ila lazima yakaushwe kabisa, maana mafuta hayashiki kwenye jani lenye maji. Yote yanateremka chini ya bakuli na mgeni anakula majani matupu juu, supu ya siki chini.

Kuku "wa shambani" ni kesi yake peke yake. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa ndani ya saa chache, na ikipikwa katika hali hiyo inakuwa ngumu hata kuku awe mchanga. Kuku anatakiwa alale usiku mmoja kwenye friji. Ng'ombe anataka zaidi, siku 10 hadi 14 za kuning'inizwa kwenye baridi. Sasa jiko linajisifu kwamba kuku kachinjwa mchana huu huu, na jioni yuko mezani! Huo si ubichi wa kujivunia. Pili, kuku aliyetembea na kutaga miaka miwili ana tishu ngumu zinazohitaji saa 2 hadi 3 za moto mdogo, maji yakitikisika tu, mpaka zilainike na kuupa mchuzi uzito. Wao wanamkata vipande wanambanika dakika 20 kama kuku wa kizimbani wa wiki sita. Matokeo yake mgeni anapigana na paja, mhudumu anasema "ndivyo kuku halisi alivyo". Si kweli, kuku halisi akipikwa inavyomfaa anaachia mfupa.

Na samaki "wa leo" aliyezungukwa na dimbwi la maji meupe sahanini? Mara nyingi huyo aligandishwa. Barafu ikijiunda inapasua chembe za nyama. Ikiyeyuka maji yanamwagika, kikaango kinapoa, samaki anachemka badala ya kukaangika na ngozi haikauki. Mpishi mwaminifu angemyeyusha usiku kucha kwenye friji juu ya waya, angemkausha kwa taulo, angeandika "samaki wa kugandishwa" na hakuna ambaye angelalamika.

Neno "hapa" nalo, kama kwenye "chakula cha hapa", limekuwa mfuko usio na kitako. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2008, kwenye mpango wa mikopo ya vyakula vya maeneo, iliruhusu chakula kuitwa cha hapa kikiwa kimesafiri chini ya maili 400, yaani karibu kilomita 640, au kikiuzwa ndani ya jimbo kilikozalishwa. Kama hata sheria inaweza kulivuta neno hadi hapo, kibao cha mlangoni peke yake hakithibitishi chochote. Andikeni jina la shamba na zao lililotoka huko. Mayai ya nani, jibini ya nani. Na mkibadilisha msambazaji mfute jina la zamani, kwa sababu mkulima aliyeacha kuwauzia miezi sita iliyopita, jina lake bado mnalitumia kuuzia chakula.

NYONGEZA, kwa wanaonijibu kwamba kuna miezi ambayo shamba halina kitu: ni kweli, na hapo ndipo jiko linapojulikana. Katika nchi zenye baridi kuna wiki za mwanzo wa majira ya kuchipua ambapo mazao ya stoo yamekwisha na mapya hayajakomaa. Karoti zilizohifadhiwa karibu na nyuzi 0 kwenye unyevu mwingi zinakaa miezi. Maharage makavu, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi ya asilimia 2 ya uzito wake, nyanya za chupa, jamu, matunda yaliyokaushwa: vyote hivyo ni msimu, ule uliopita, uliowekewa akiba. Mgeni akiambiwa hivyo anafurahi. Kinachokera ni kuagiza nyanya zisizo na ladha kutoka mbali katika miezi hiyo na kuziweka chini ya kibao kile kile.

Mwingine kauliza atajuaje kabla ya kufunga safari. Piga simu asubuhi ya siku unayokwenda, usiulize kama chakula ni cha msimu, maana kila mtu atasema ndiyo. Uliza nini kimeingia jikoni leo, na nini kilikuwepo mwezi uliopita ambacho sasa hakipo. Jiko la kweli linajibu bila kufikiri: "Njegere zimekwisha wiki jana, tuna maboga ya kwanza, samaki itategemea mvuvi akirudi." Ukisikia "vyote vilivyo kwenye menyu vipo", tafuta pengine.