Naomba ushauri: kuvua na kurudisha makava ya Honda ST1100 bila kuvunja masikio

Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya Honda ST1100 ya 1996, ile yenye injini ya V4 (silinda nne zilizopangwa kama herufi V) iliyolala kwa urefu na shafti badala ya cheni. Muda wa kupima klirensi (nafasi ndogo inayoachwa) za valvu umefika, na kwa kuwa silinda zimetokeza kushoto na kulia, huwezi kuifikia mifuniko ya valvu bila kuvua makava makubwa ya pembeni. Injini hainitishi. Plastiki ndiyo inayonitisha: imepigwa jua miaka yote hiyo, imekauka, na masikio yanayochomekwa kwenye raba yanakatika ukivuta vibaya kidogo tu.

Aliyeniuzia alishaipeleka kwa fundi fulani, skrubu zimechanganywa, ndefu zimewekwa mahali pa fupi. Mbili zinazunguka pamoja na nati zake kwa nyuma. Hizo mnazitoaje bila kutoboa kava?

Halafu kuna sikio limeshakatika. Mmoja ananiambia niyeyushe vipande vya plastiki ya ABS kwenye asitoni, nipake kama uji mzito. Mwingine anasema nichomelee kwa pasi ya solda na wavu wa chuma. Supaglu siitaki, ikikauka inakuwa kama kioo, mtetemo unaipasua. Kwa sikio linalobeba uzito, ipi inadumu?

Wakati wa kurudisha nafikiria kushikiza skrubu zote kwa mkono kwanza, nikaze mwishoni, na raba nizipake silikoni, si grisi. Mnaonaje? Niko Arusha, kama kuna anayejua raba za saizi hiyo zinapouzwa hapa mjini anielekeze.